Yarow, Mturuki wa Bura

Huko Bura, upande wa mashariki wa Mto Tana, mtoto alifundishwa kuhesabu mababu kabla hajafundishwa kukamua mbuzi. Alikalishwa mapajani akatajiwa jina la baba, la babu, la baba wa babu, na kuendelea juu hadi kwa yule mmoja ambaye watu wote wa malka walimwita baba yao. Malka ni njia ambayo mifugo huteremkia mtoni kunywa maji. Kila malka ilikuwa na wenyewe, na wenyewe hawakujulikana kwa uzio wala kwa kibao. Walijulikana kwa ulimi. Aliyeweza kuhesabu mababu wale, ng'ombe wake walikunywa.

Yarow alihesabu mababu wasio wake. Alifanya hivyo tangu utotoni, bila kigugumizi, na kwa miaka mingi hakuna aliyemzuia.

Baba yake, Jelle, alifika Bura mwanzoni mwa miaka ya elfu moja mia tisa na ishirini akitokea Barawa, na punda mmoja, gunia la buni na mtoto wa miaka minane aliyekwisha kufiwa na mama. Alikusudia kuuza buni na kurudi pwani. Homa ikamlaza, punda akaliwa na simba, na alipopata nafuu hakuwa na njia ya kurudi. Mwenye malka wakati ule alikuwa Salat, mtu mrefu mwenye maneno machache. Salat alichinja kondoo dume, akamketisha Jelle mbele ya wazee, akamwambia:

"Kuanzia leo mababu zetu ni mababu zako. Ukiua mtu, sisi tutalipa damu. Ukiuawa, sisi tutadai. Maji ni yako. Lakini siku utakapomtaja babu mwingine mbele ya watu, utakuwa umeondoka kwa miguu yako mwenyewe. Hatutakufukuza, wala hatutaweza kukurudisha."

Jelle alikubali. Ilikuwa desturi ya kawaida katika nchi ile kavu, na familia nyingi zilizoheshimiwa ziliingia ukoo kwa mlango huo huo. Baada ya vizazi vitatu hakuna aliyekumbuka. Tatizo la Jelle ni kwamba hakutaka kusahau. Ndani ya nyumba yake ya mikeka, mlango ukiwa umefungwa, alimfundisha mwanawe mababu wengine, walioanzia kwake, wakapita Barawa na Pate, wakaishia kwa mshika usukani mmoja katika merikebu ya Amiri Ali Bey, Mturuki.

Yarow aliipenda habari ya Ali Bey kuliko kitu chochote alichopewa na baba yake. Jelle alipofariki, haukupita muda kijana akaanza kuisimulia mwenyewe malkani, wakati wa kiangazi, watu wakisubiri zamu ya kunywesha. Hakusema kwamba inamhusu. Aliisimulia kama kisa tu. Zamani, alisema, Wareno walipokuwa wameshika pwani yote na kila mji unawalipa kodi, ilitokea merikebu moja kutoka Bahari ya Sham. Moja tu, nzee, inayovuja. Juu yake alikuwa Ali Bey, aliyetumwa kwa idhini ya wakubwa wake kuwinda meli za Wareno. Alipofika Mogadishu aliwaambia watu kwamba ametangulia tu, nyuma yake inakuja jeshi zima la Sultani wa Istanbul. Wakamwamini. Barawa wakamwamini, Lamu wakamwamini, Pate wakamwamini. Miji ilimpa fedha na chakula na vijana, na yeye akateka meli za Wareno zilizolala kwenye hori zao bila hofu, akarudi kwao akiwa tajiri.

"Na hilo jeshi la nyuma?" mtu aliuliza kila mara.

"Alilifuata," Yarow alijibu. "Miaka mitatu baadaye akarudi na merikebu tano. Akaingia Mombasa, akapanga mizinga ufukweni, akangoja."

"Halafu?"

"Halafu zamu yako ya maji imefika, adeer, ami yangu. Ng'ombe wako wanakutazama."

Watu walicheka. Ukweli ni kwamba Yarow hakujua kilichofuata. Jelle naye alikomea pale pale, kwenye merikebu tano na mizinga ufukweni, kwa sababu aliyemsimulia yeye alikomea hapo.

Wakamwita Turki. Mke wa Salat alikuwa amemsikia Jelle akiweweseka katika homa, na lisilojulikana Bura ni dogo sana. Kila mtu alijua damu ya Yarow ilikotoka, na kwa kuwa hakuna aliyelitaja neno lenyewe, halikuwa na madhara. Gelle, mtoto wa Salat, alikua naye kama pacha. Walilala ngozi moja, walipigwa kwa kosa moja. Salat alipokufa Gelle akawa msemaji wa malka, na Yarow akakaa mkono wake wa kulia. Yarow alimwoa Ebla, binti wa watu wa Sangailu, mwanamke mwenye kicheko cha ghafla na ulimi mkali. Wakapata mtoto mmoja aliyeishi, wakamwita Lul. Yarow hakumfundisha mababu wa pwani. Alimfundisha mababu wa Salat tu, na Lul aliwahesabu upesi hata watu wazima wakamwomba apunguze mwendo.

Ndivyo mambo yangeendelea.

Mwaka wa arobaini na nne mvua zilikosa mara mbili. Mifugo ya mbali ilikuja mtoni, malka zikajaa, watu wakapigana kwa fimbo na mmoja akatobolewa jicho. Serikali ikatuma afisa kutoka Garissa pamoja na mkalimani wake. Amri ilikuwa rahisi: kila mwenye nyumba asimame mbele ya wote, ahesabu mababu zake. Wenye malka watabaki. Wageni watahamia mjini au watarudi walikotoka.

Gelle alimjia Yarow siku moja kabla.

"Walaal, ndugu yangu, kesho sema kama ulivyozoea. Usitie nakshi."

"Nitie nakshi gani?"

"Wewe nakujua ukipata wasikilizaji."

Wakacheka wote wawili.

Kulikuwa na kijana mmoja, Kusow, ambaye ng'ombe wake wengi walikuwa wamekufa na ambaye kwa majuma kadhaa alikuwa akinung'unika kwamba watu wa kuokotwa wanakunywa kabla ya wana wa nyumba. Asubuhi ya mkutano, Yarow alipoinuka kwa zamu yake, Kusow akasema kwa sauti iliyowafikia wote:

"Turki amesimama! Nyamazeni, tusikie merikebu."

Watu wachache walicheka.

"Baba yake alikuja na punda mmoja na gunia la buni," Kusow aliendelea. "Merikebu aliiacha wapi? Au huyo punda ndiye aliyebeba mizinga?"

Safari hii walicheka wengi, hata wazee, hata mkalimani. Hawakucheka kwa ubaya. Walikuwa wamechoka, wana kiu, na kicheko kilikuwa cha bure. Lul alikuwa amekaa na wanawake nyuma, umri wake kama miaka kumi na miwili, naye pia alicheka, kwa maana mtoto hucheka wenzake wanapocheka. Yarow alimwona.

Watu walioniambia habari hii hawakubaliani juu ya kilichokuwa moyoni mwake. Wengine wanasema alikuwa amesikia kwamba mtu akithibitisha asili ya ng'ambo anapewa ruhusa ya kusafiri bila cheti, na akataka kuiona Barawa kabla hajafa. Inawezekana. Mimi nadhani alimwona binti yake akimcheka babu yake bila kujua kwamba ni babu yake, na kwa muda mfupi ule hakuweza kuvumilia.

Alianza kuhesabu. "Yarow. Jelle." Mpaka hapo hakuna kosa. Jina la tatu lilipasa kuwa la baba yake Salat. Yarow akataja jina la Barawa. Akataja la nne, na la tano. Kicheko kilikatika. Gelle akanyanyua mkono kama anayetaka kumziba mtu mdomo kwa mbali, kisha akautumia mkono huo kujifunika uso. Yarow aliendelea, jina juu ya jina, sauti yake nzuri, wazi, akapita Pate, akafika kwa mshika usukani, akasema, "wa merikebu ya Amiri Ali Bey, Mturuki," akanyamaza.

Mkalimani akamweleza afisa. Afisa akauliza kitu, mkalimani akakigeuza:

"Anasema, Waturuki walikuwa maadui katika vita ile ya kwanza. Je, unataka kuandikwa adui?"

"Nataka kuandikwa nilivyo."

"Anasema hana nafasi ya Mturuki. Una cheti cha kuonyesha?"

"Nina mababu."

Afisa akatikisa kichwa, akaita mwingine. Kwa serikali jambo lilikwisha hapo. Yarow alikuwa mgeni asiye na kwao. Kwa wazee lilikuwa linaanza. Mzee mmoja alisema taratibu, bila hasira, "Mtu amesema mwenyewe," na wengine wakaitikia kwa kuinamisha vichwa. Maji aliyopewa Jelle yalikuwa yamerudishwa.

Gelle alimfuata hadi kwenye kivuli cha mikuyu ya mtoni, pale walipokuwa wakiogelea utotoni.

"Rudi useme ulikuwa unamjibu mjinga. Sema ni mzaha. Wallahi nitachinja fahali, nitawabembeleza."

"Watanitaka niape."

"Apa."

"Kwamba Jelle hakuwa mtoto wa baba yake?"

Gelle alikuwa akilia, na alikuwa mtu wa kutolia.

Ebla hakulia. Alikuwa akifunga vyombo, akisikiliza kwa mgongo, mpaka mumewe alipomaliza kujieleza. Kisha akageuka.

"Wewe unakwenda. Sawa, mwanamume huenda popote. Na Lul? Ng'ombe huangaliwa meno, msichana huangaliwa mababu. Akija mposaji akauliza huyu ni nani, tumwambieje? Kwamba babu yake yuko majini?"

"Ni watu wa heshima, Ebla."

"Wako wapi? Waite waje wamtekee maji." Akakaza kamba ya mzigo. "Umempa heshima Mturuki aliyekufa, ukamnyima mtoto aliye hai."

Hilo ndilo neno alilolichukua Yarow kutoka Bura. Alilirudia kwa watu miaka mingi, daima akisema kwamba Ebla alisema kweli.

Gelle ndiye aliyepata njia, na ilikuwa moja tu. Angemchukua Lul awe binti yake mbele ya wazee. Mababu wa Salat wangekuwa wake kwa halali, ukoo ungesimama nyuma yake, na mposaji angejibiwa bila aibu. Lakini msichana hawezi kuwa na baba wawili. Yarow asingeweza tena kumwita mwanangu mbele ya watu, wala yeye kumwita baba. Ebla angebaki Bura karibu naye hadi aolewe. Na Yarow asingerudi malkani kama mtu wa nyumba. Akija, aje kama wanavyokuja wapita njia.

"Akisahau je?" Yarow aliuliza.

"Hatasahau," Gelle alisema. "Atanyamaza. Sisi sote tutanyamaza. Tumezoea."

Yarow akakubali. Aliwaacha ng'ombe wake kwa Gelle, akaenda Garissa na lori la mfanyabiashara wa sukari.

Mjini alipata kazi kwenye banda la ngozi nyuma ya machinjio. Alijifunza kuchuna bila kutoboa, kukwangua mafuta, kuwamba ngozi kwenye fremu za miti na kuianika kivulini ili isiungue kwa jua. Mikono yake ilinuka chumvi na damu, na watu walikaa mbali naye kidogo hotelini. Hakulalamika. Baada ya muda mwenye banda alimtuma kuzunguka vijijini kununua ngozi, kwa sababu alizijua njia na hakuwa mwizi. Alikwenda kila upande isipokuwa Bura.

Ni hapo Garissa alipousikia mwisho wa kisa chake. Fundi cherehani mmoja kutoka Lamu alikuwa akishona kwenye baraza la duka, na Yarow, akingoja shati lake litiwe kiraka, akaanza kusimulia habari ya merikebu tano. Alipokomea kwenye mizinga, yule fundi hakuinua macho kutoka kwenye sindano.

"Mbona unaacha pazuri tu?" alisema. "Walikuja Wareno kutoka Goa, merikebu nyingi mno. Na upande wa bara walikuwa wamekuja Wazimba, watu wa vita, wanangoja kuvuka. Ali Bey wako akawa katikati. Watu wake walijitupa majini. Yeye alikamatwa, akapelekwa Ureno kwenye mji wa mfalme wao, na huko, wanasema, akabatizwa. Akafia huko."

"Akabatizwa?"

"Ndivyo wanavyosema. Sikuwepo."

"Na wale waliompokea? Lamu, Pate?"

Fundi akakata uzi kwa meno. "Yeye alipandishwa merikebu. Wao walibaki hapa. Mkubwa wa Lamu alikatwa kichwa mbele za watu. Wengine walitozwa, minazi ikakatwa. Walikuwa wamemwamini mtu aliyesema jeshi liko nyuma."

Yarow alichukua shati lake likiwa halijamalizwa. Rafiki zake wa bandani walisema kwamba kwa siku kadhaa alifanya kazi hadi usiku. Kisha jioni moja, akikwangua ngozi, alisema kama anayejisemea kwamba yule mshika usukani lazima alitoka majini akiwa mzima, kama alivyotoka Jelle katika homa. Alifika kwenye kijiji fulani akiwa hana kitu. Wakamuuliza wewe ni nani. Naye, kama alikuwa na akili, hakusema Mturuki. Alitaja babu wa watu wenye kisima, akanywa.

"Ndiyo maana mimi nipo," alisema Yarow, akaendelea kukwangua.

Mwaka wa hamsini Gelle akatuma habari kwa mdomo wa dereva. Lul ameposwa na watu wa upande wa Ijara, watu wema wenye mifugo. Siku ya kukabidhiana mahari kutakuwa na wageni wengi, na ng'ombe watachinjwa. Mnunuzi wa ngozi akipita siku hiyo, hakuna atakayeshangaa.

Yarow akapita. Alivaa kanzu safi, akabeba kisu chake na kamba, kama mtu wa kazi. Walimweka pembeni kwenye mkeka wa wapita njia, akapewa chai na nyama. Kusow, ambaye sasa hakuwa kijana tena, alimtambua, akafungua mdomo, kisha akaufunga, akampelekea bakuli la maziwa kwa mkono wake mwenyewe.

Gelle alisimama mbele ya wageni. Aliulizwa, kama inavyopaswa, msichana huyu ni nani. "Lul," akasema. Akanyamaza kidogo, kidogo sana. "Binti Gelle. Gelle wa Salat." Akaendelea kupanda juu, na wazee wakaitikia kila jina. Ebla alikuwa mlangoni pa nyumba ya bibi arusi. Mtandio wake ulikuwa umefunika mdomo. Hakumtazama mumewe, naye Yarow hakumtazama; walikuwa wamejifunza.

Ndani ya nyumba, Lul alisikika akimwita Gelle. "Aabo!" alisema, jina la mtoto kwa baba yake, anaomba kitu fulani, maji au kitambaa. Gelle akageuka, na kabla hajaitikia macho yake yalikwenda pembeni kwenye ule mkeka. Yarow alikuwa akitazama chini, anatafuna polepole.

Ami yake bwana arusi, mtu mnene mchangamfu, alikuja kuketi karibu naye.

"Na wewe, bwana, ni wa nani?"

"Mimi nimetoka Garissa. Nanunua ngozi."

"Ngozi tu? Huna watu?"

"Nanunua ngozi za watu," Yarow alisema, na yule mtu akacheka sana, akampiga bega.

"Basi njoo uninunulie hii. Ng'ombe wa kwanza wa harusi tulimleta sisi, ngozi ni yetu."

Waliitandaza chini. Ilikuwa ngozi ya jike jekundu, pana, iliyochunwa vizuri, bado ina joto. Yarow alipiga magoti akapitisha kiganja upande wa ndani. Mnunuzi anayesifu bidhaa si mnunuzi, na watu walikuwa wamekusanyika kutazama.

"Ina makovu ya kupe," alisema.

"Makovu gani!"

"Hapa. Na hapa shingoni kisu kimepita. Ikikauka itapasuka."

"Ndugu, hii ni ngozi ya harusi! Msichana mwenyewe umemwona? Huyo hastahili kasoro."

"Sikumwona," Yarow alisema. "Mimi nazungumzia ngozi."

Akataja bei ya chini. Yule mtu akapiga kelele, akawaita watu washuhudie uonevu. Yarow akapanda kidogo, akakataa, akasimama kama anayeondoka, akarudi. Alibishania kila kovu, sauti yake ikiwa kavu, kama alivyofanya katika vijiji vingine vyote, hadi ami akaridhika kwamba amempata mtu mgumu na akampa mkono. Vijana walishangilia. Ngoma ya wanawake ilikuwa imeanza nyuma ya nyumba.

Aliinyunyizia chumvi, akaikunja upande wa manyoya nje, miguu ndani, akaifunga kwa kamba. Ilikuwa nzito. Gelle alikuja kumsaidia kuinua, jambo ambalo mwenyeji anaweza kumfanyia mpita njia yeyote, na akaiweka begani mwa Yarow. Lori lilikuwa likingoja barabarani. Yarow aliwaaga wenye harusi kwa salamu ya mgeni, akawatakia heri bwana na bibi arusi na watoto wengi, kisha akaondoka na mzigo wake, maji mekundu ya ngozi yakimchuruzika mgongoni kwenye kanzu nyeupe.